Furaha ya Kukuruhusu Uende

Kiwandani kwetu ukimsikia mtu ametamka "tafadhali", ujue ugomvi umeiva. Neno lenyewe tunalo na tunaliheshimu, ndiyo maana hatulichezei. Mwenzako akitaka mkasi wako atasema "niazime mkasi mara moja" au "naomba mkasi, mpenzi", na hapo adabu yote imeshakaa ndani ya kitenzi, haina haja ya kutundikwa nje kama kufuli. Tafadhali hutoka siku subira imekwisha: "Tafadhali, tena tafadhali sana, usinizoee." Ukiisikia hiyo, unarudi nyuma hatua mbili na kuweka mkasi chini.

Basi akaletwa mkurugenzi mpya na "please" yake. Alikuwa kijana aliyesoma ng'ambo, suti nyembamba, sauti ya chini, kucha safi. Kiswahili alikijua vizuri kama sisi, amezaliwa nacho, lakini aliporudi alikiacha mlangoni pamoja na viatu vya matope. Muda wa chakula aliupunguza kwa please. Viti vya uani, tulipokuwa tukipumzisha migongo, aliviondoa kwa please. Mtu akichelewa alikuwa haambiwi amechelewa, aliambiwa please, please, mara mbili, huku anaonyeshwa saa ya ukutani. Hakuwahi kumtukana mtu. Nafuu angetukana, maana tusi unalijua mwanzo na mwisho wake.

Afisa utumishi, mtu wa kupenda kupendeza kwa wakubwa, akaona hii ndiyo nafasi yake. Akachukua matangazo yote ya mkurugenzi na kuyatia Kiswahili, na kila penye please akapachika tafadhali. Kuta zikajaa: Tafadhali usiteme mate. Tafadhali fika mapema. Tafadhali tabasamu. Ukipita kwenye ile korido asubuhi ulihisi umeamkia kugombezwa na nyumba nzima. Mshonaji mmoja katika idara yangu alisimama mbele ya lile la kutabasamu akaniuliza, kwa uchungu kabisa, sisi tumemkosea nini huyu mtu.

Kisha ikaja semina. Tulifundishwa kwamba mteja akisema asante tumjibu kwamba imekuwa pleasure yetu. Mlinzi wa getini akalishika hilo kwa mikono miwili, ila kwa kuwa wateja wengi wao ni Waswahili wenzetu, akaona alitafsiri. Mama mmoja aliyekuja kununua godoro la wageni akafunguliwa geti, akasema asante, mlinzi akajibu: "Raha yangu." Yule mama akamtazama toka juu hadi chini, akamuuliza raha gani hiyo, baba, na mimi ndiyo kwanza nimefika. Tangu siku hiyo mkurugenzi tukamwita Bwana Pliz, na hata afisa utumishi alikuwa akimwita hivyo akishahakikisha mlango umefungwa.

Mimi waliniita Kamusi. Nilikuwa msimamizi wa cherehani, upande wa kushona foronya za magodoro, na ndiye niliyekuwa nakimbiliwa kila Kiingereza kinapoangukia watu. Nilikisoma mpaka kidato cha nne. Niseme wazi kilipotoka: mama yetu alipofariki, Dada yangu aliacha shule akaingia kiwanda hikihiki kukata sponji, ili mimi niendelee. Alikuwa akirudi nyumbani na chembe za sponji kwenye nywele na nyusi, ananikuta nimekaa na kitabu, anauliza leo mmesoma nini. Sikusomeshwa na serikali wala na mjomba. Kila neno la Kiingereza nililonalo limelipiwa na mikono ya Dada.

Wakati Bwana Pliz anakuja, Dada alikuwa bado kwenye mashine ileile. Ni mashine yenye wembe mrefu kama utepe, unaozunguka bila kupumzika, na bonge la sponji lenye ukubwa wa kabati linasukumwa mbele yake litoke vipande. Dada alikuwa akiweka kiganja juu ya bonge, anafumba jicho moja, anasukuma. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kuomba kulimtoka kwa shida. Kukopa chumvi kwa jirani alinituma mimi.

Sasa, binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mji mwingine, ana mimba ya kwanza, na mimba yenyewe ilikuwa inamsumbua. Ikaja simu kwamba miguu imevimba, macho yanaona kiza, daktari anasema huenda akapasuliwa. Mumewe yuko safarini. Dada akaweka simu chini, akaniambia: "Nifundishe maneno ya kumwomba ruhusa yule bwana. Ya kwao, asije akasema hakunielewa."

Nikamfundisha sentensi fupi yenye please mwanzoni. Akairudia mbele ya beseni la nguo mpaka ikanyooka. Nikaona nimwongezee nguvu, nikamwambia lipo neno zito zaidi, plead, maana yake kusihi. Akaninyooshea mkono wenye povu. Alisema yeye anakwenda kuomba ruhusa ya kumwona mwanawe, hajaua mtu, hana cha kumsihi mtoto wa mwenzake. Nimpe please tu, inatosha.

Kesho yake akaenda ofisini peke yake. Ile ilikuwa wiki mbaya. Tulikuwa na oda kubwa ya magodoro ya mabweni na mashine yake ndiyo iliyotulisha sote. Niliyoyapata baadaye ni haya: Bwana Pliz alikuwa kwenye simu, akamsikiliza nusu, akatikisa kichwa. Dada akarudia sentensi yake. Akatikisa tena, akaonyesha karatasi za oda. Dada hakutoka, alibaki amesimama na mkoba wake kwapani. Ndipo yule kijana akafunika simu kwa kiganja, akapandisha mabega, akasema, "Please yourself."

Dada akafurahi. Kasikia please, tena kaambiwa yourself, yaani yeye mwenyewe. Akashukuru, akapitia getini, akamwachia mlinzi ujumbe: mwambie mdogo wangu bosi ameniambia pliz yoself, nimeondoka. Mlinzi alipokuja kunipa ujumbe, amejawa na furaha kwa niaba yetu, mimi nilikuwa nimeshika foronya nusu imeshonwa, nikaiweka chini. Nilikuwa nalijua lile neno. Kwa Kiswahili cha heshima ni "shauri yako". Kwa Kiswahili cha mtaani ni "utajiju". Lakini basi la Dada lilikuwa limeshaondoka, na hata lingekuwa bado, sijui kama ningemzuia.

Alikaa huko wiki nzima. Aliporudi alikuwa na macho mekundu na uso wa mtu aliyeshiba, maana alikuwa amepata mjukuu wa kike, na binti yake, baada ya kupasuliwa na kuongezewa damu, alikuwa amekaa kitandani anakula. Getini akakabidhiwa wito wa kikao cha nidhamu. Kosa: utoro kazini. Akaniuliza kama ni karatasi ya pongezi.

Hapa lazima nieleze utaratibu, la sivyo utadhani nakutania. Bwana Pliz alikuwa ameagiza vikao vyote vya nidhamu viendeshwe kwa Kiingereza. Mtuhumiwa asiyejua Kiingereza ana haki ya kuwa na mkalimani. Mkalimani aliyepatikana bila gharama nilikuwa mimi. Nilimkumbusha afisa utumishi kwamba mtuhumiwa ni dada yangu tumbo moja, akasema kanuni imekataza mkalimani asiyejua lugha, haikukataza ndugu. Kwa hiyo siku ya siku tukaingia watu watano katika chumba cha mikutano: Bwana Pliz mwenyekiti, ambaye pia ndiye mlalamikaji na ndiye shahidi, kesi ya ngedere na hakimu nyani, afisa utumishi mwenye kuandika, mkuu wa ghala, ambaye ndiye mwakilishi wa wafanyakazi, mzee anayelala akiwa amefumbua macho, Dada, na mimi katikati. Watano wote tumenyonya kwa Kiswahili. Ukutani liliegemezwa godoro la maonyesho, bado limo kwenye nailoni, na feni ikizunguka nailoni ile inaguna.

Bwana Pliz akasoma shtaka, akamtazama Dada, akauliza: "How do you plead?"

Hilo nilikuwa nalijua, wanauliza unakiri au unakana. Nikamgeukia Dada nikaanza, wanauliza unakubali kosa au unalikataa. Afisa utumishi akanyanyua kidole. Mkalimani, alisema, anatafsiri lililosemwa, hatafsiri anachodhani. Akafungua kamusi aliyokuja nayo, nene, yenye jalada la bluu, akasoma kwa sauti: plead, sihi, omba kwa unyenyekevu. Akaniamuru niulize sawasawa.

Nikauliza sawasawa: "Dada, unasihi vipi?"

Dada akanitazama kama mtu anayetazama nazi iliyoharibika. Akauliza anasihi nini. Nikamwambia mimi mwenyewe sijui, ndivyo swali lilivyo. Akakaa sawa kwenye kiti. "Mimi sisihi," alisema.

Bwana Pliz, aliyekwishasikia na kuelewa, akaniuliza kwa Kiingereza amesemaje. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hasihi. Afisa utumishi akapekua kanuni, akatangaza kwamba mtu asiye-plead huhesabiwa amekana, na akaandika amekana. Mkuu wa ghala akazinduka, akauliza kwa Kiswahili ina maana mtu akigoma kuomba ndiyo amekataa kosa, na akikubali kuomba ndiyo amekiri. Lilikuwa swali zuri kuliko yote ya siku ile, lakini kwa kuwa liliulizwa kwa Kiswahili halikuandikwa popote.

Tukaingia kwenye utetezi. Dada akaeleza kwa ufupi: binti yangu alikuwa anakufa, nikaja kuomba, bosi akanijibu pliz yoself, nikaenda. Nikatafsiri. Afisa utumishi akamuuliza mwenyekiti kama kweli alitamka maneno hayo, na mwenyekiti, kwa sauti ya chini kuliko ya kawaida, akasema inawezekana. Basi yatafsiriwe, yaingie kwenye kumbukumbu.

Wote wakanigeukia. Hapo nilitokwa na jasho, feni au si feni. Nikisema ukweli, kwamba maana yake ni shauri yako, Dada amekwisha: alionywa akaenda. Nikisema maana yake ni nenda kwa amani, yule kijana aliye mbele yangu atajua nimedanganya. Nikafanya alichoniagiza afisa utumishi mwenyewe. Nikamsogezea kamusi yake, nikamwambia mkalimani hapaswi kudhani, aisome yeye.

Akaisoma. Please: ridhisha, pendeza. Yourself: wewe mwenyewe. Akaviunganisha kwenye karatasi kwa kalamu, polepole, kisha uso ukamng'aa kabisa. "Jiridhishe," alisema.

Usicheke. Ungemjua yule bwana ungejua kwamba hilo ndilo neno analolipenda kuliko watoto wake. Katika ofisi yake hakuna kinachotendeka bila kujiridhisha. Sabuni ya chooni hainunuliwi mpaka ofisi ijiridhishe kwamba ya zamani imekwisha. Likizo hatoi mpaka ajiridhishe, na mtu akifa anataka kwanza kujiridhisha. Sasa amesikia kwamba mkurugenzi mwenyewe, kwa kinywa chake, alimwambia mfanyakazi akajiridhishe. Maana yake nini? Alimwagiza. Akamgeukia Dada, na kwa mara ya kwanza akamwita mama, akamuuliza alijiridhisha?

"Nilijiridhisha," Dada akajibu. "Ni wa kike, na mama yake yu hai."

Nilitafsiri hilo. Mkuu wa ghala akasema kwamba mtu aliyetumwa na ofisi kwenda kujiridhisha haitwi mtoro, na kwamba kilichobaki ni mama aandike taarifa ya safari. Afisa utumishi akaafiki, akauliza kama mjukuu ana cheti cha kuzaliwa, kiambatishwe. Wakaanza kujadiliana taarifa iwe ya kurasa ngapi.

Nikamtazama Bwana Pliz. Angeweza kuwanyamazisha kwa sentensi moja. Lakini sentensi yenyewe ingekuwa hii: hapana, nilikuwa na maana ya shauri yako. Nilimwambia mama aliyekuja kunililia kwamba mwanawe yu hoi, shauri yako. Na ingebidi aiseme hivyohivyo kwa Kiswahili, maana kamati ilikuwa imeshahamia kwenye Kiswahili bila kujijua. Akanywa maji. Akasema kwa Kiingereza kwamba hakuwa na maana hiyo. Afisa utumishi, kwa unyenyekevu wote wa dunia, akamuuliza basi alikuwa na maana gani, ili iandikwe. Bwana Pliz akafungua mdomo, akaufunga, akasema please, tuendelee.

Nilidhani tumeshinda. Nilimfinya Dada chini ya meza, naye akatoa mguu wake, hapendi kufinywa.

Mwenyekiti akasimama. Akafunga kifungo cha koti, na ule utulivu wake ukamrudia, na tabasamu juu yake. Alisema kamati imesikia, jalada limefungwa, na sasa yeye kama mkurugenzi ana uamuzi wake, ambao hauhitaji kosa wala kamati. Akanitazama mimi. "Please tell her," alisema, "that we are very pleased with her service, and it is our pleasure to let her go."

Kwa asiyejua, let her go ni kumruhusu mtu aende. Kwa wenyewe ndiyo kumfukuza kazi. Husemwa hivyo kana kwamba mtu alikuwa amefungwa kamba, analia atoke, na wao kwa huruma wameifungua. Na pembeni yake zimewekwa pleased na pleasure, furaha mbili, kama maua kwenye jeneza. Afisa utumishi alielewa, kalamu yake ikasimama. Mkuu wa ghala alielewa kwa kuiona kalamu imesimama. Dada peke yake ndiye hakuelewa. Alikuwa ameweka mikono mapajani, ile mikono, ananitazama mdomo wangu kama alivyokuwa akinitazama zamani nikimsomea kitabu.

Nikatafsiri. Niliitafsiri neno kwa neno, kama nilivyoagizwa.

"Amesema wamefurahishwa sana na utumishi wako," nikamwambia, "na ni furaha yao kukuruhusu uende kazini."

Niliongeza neno moja tu.

Nailoni ya godoro ikawa inaguna peke yake. Afisa utumishi akainamia kamusi yake kama anatafuta herufi iliyodondoka, mkuu wa ghala akaitazama feni kwa makini sana. Bwana Pliz alinikazia macho, na nikaona hasira yake, hasira ya kweli, ya Kiswahili. Nami nikamkazia. Alikuwa amesikia kila silabi. Hakuhitaji mkalimani wala kamusi, alihitaji kusema neno moja, hapana, na kisha kumwambia mwanamke yule, katika lugha aliyobembelezewa nayo utotoni, kwamba nakufukuza.

"Mama," alisema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema Kiswahili. Alikisema vizuri. Na hapo ndipo alipokosea, maana ukishamwita mtu mama, maneno yanayoweza kufuata ni machache, na kufukuza hakumo. Alilitafuta neno. Niliona kabisa ulimi wake ukilitafuta. "Mama, ni kwamba... yaani..."

Dada alikuwa ameshasimama. Alimfuata upande wa pili wa meza, akauchukua mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia. "Siku ile nilikuja kwako kabla hata sijapiga goti kwa Mungu. Mimi niko radhi nawe, na Mungu awe radhi nawe. Mama yako hajambo?"

"Hajambo," alisema Bwana Pliz.

"Nisalimie sana."

"Zitafika, mama."

Dada akatoka, akafunga mlango taratibu. Baada ya muda tukaisikia mashine ya kukata ikianza kule chini, na sakafu ya chumba cha mikutano ikatetemeka kidogo kama kawaida yake. Afisa utumishi akaandika: amerejea kazini. Akauliza kama kuna lingine. Hakukuwa na lingine.

Siku zile zilizofuata Dada alikuwa mtu mwingine. Alikata sponji huku anaimba, na kwa Dada kuimba ni jambo la kuitia majirani. Kwa kila aliyemuuliza kuhusu kikao alimsifu mkurugenzi: kijana wa watu, amelelewa, tatizo lake ni kwamba nyinyi hamzungumzi naye. Watu walinitazama mimi, mimi nikatazama sindano yangu. Na Bwana Pliz naye akawa akishuka karakana anapita njia ya nyuma, kwenye mapipa ya gundi, asipite mbele ya ile mashine. Siku moja Dada alimwona, akamwita kwa sauti, mwanangu, hujambo, na yeye akajibu sijambo mama, shikamoo, mbele ya karakana nzima. Baada ya shikamoo humfukuzi mtu. Mimi niliona wazi Dada ameshapona.

Wiki iliyofuata Bwana Pliz akaniita mimi.

Tulikuwa wawili tu ofisini. Akasema please nifunge mlango, nikafunga. Akasema please niketi, nikaketi. Alizungumza Kiingereza kizuri, kirefu, chenye mito kila pembe, kuhusu uaminifu na tafsiri, na jinsi ambavyo haimpi pleasure yoyote. Nikajaribu kumjibu kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwita kaka yangu, akaniita madam. Umri wetu ulikuwa karibu mmoja, umama nisingeufikia. Alipofika kwenye let you go niliielewa kabla hajaimaliza. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa katikati yetu wa kuniongezea neno.

Nilikusanya mkasi wangu, tepu, na kikombe. Getini mlinzi alinifungulia, nikamshukuru, akajibu raha yangu, maskini, hajui lolote.

Dada alinikuta nyumbani, nimekaa kwenye kigoda cha jikoni bila kupika. Chembe za sponji zilikuwa kwenye nyusi zake. Nikamwambia wamepunguza cherehani, nami nimo katika waliopunguzwa. Nilijitahidi kulisema kwa wepesi. Akakaa chini, akaufungua mtandio. Kisha nikamwona amekata shauri.

"Kesho nakwenda kumwona," alisema. "Yule mtoto ananisikiliza mimi. Sijawahi kumpigia mtu magoti, unanijua, lakini kwa ajili yako nitampigia. Atakurudisha."

Nikamwambia aache. Akasema hawezi kuacha, ni kwa ajili yangu aliacha shule. Nikamwambia nimechoka na foronya, nitaweka cherehani barazani, nitashona nguo za shule, nitapata. Akasema hayo ni maneno ya njaa, kesho asubuhi anakwenda. Nikamwona kwa macho yangu anaingia katika ofisi ile, anapiga magoti yale mabovu, anauliza mdogo wangu amekosa nini, na yule kijana, safari hii, kwa aibu au kwa hasira, anamweleza. Anamweleza kosa langu ni neno gani, na lilikuwa la kumfichia nini.

Hapo nikaanguka. Nilishuka kwenye kigoda nikamshika miguu. Nilimsihi. Neno hilo nililofundisha watu kwa miaka, sikuwahi kulitenda, na sasa lilinitoka lote kwa mara moja: Dada nakuomba, Dada kwa mama yetu aliye kaburini, Dada kwa huyo mtoto aliyezaliwa, usiende kwa yule mtu, usimwulize chochote, niahidi. Nililia mpaka kamasi. Alishtuka. Aliniinua kichwa, akanifuta uso kwa ncha ya khanga, akawa ananitazama, ananisoma, na nikaogopa ataelewa.

"Haya basi, siendi," alisema. "Nyamaza. Kumbe kazi uliichukia hivyo, na hukuniambia."

Akainuka, akawasha jiko, akapika yeye. Asubuhi aliamka mapema kuliko siku zote, akavaa aproni yake ya kukatia, akaenda kazini.